Grisi nyingi haiokoi beringi ya tela

"Fundi, we jaza tu, grisi haijawahi kuua mtu." Wiki hii nimeambiwa hivyo na madereva watatu wa matela. Wa tatu alinisimamia kichwani akitaka niongeze. Sikuongeza.

Kinachotakiwa ni mafuta yaliyomo kwenye grisi yafike kati ya rola (vyuma vinavyoviringika ndani ya beringi) na kikombe chake (pete ya nje vinamoviringikia), basi. Ukijaza habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, pomoni, rola zinabaki kukoroga ugali. Kukoroga kunazaa joto, na grisi ikipata joto inatanuka na haina pa kwenda. Mafuta yanajitenga, yanakuwa mepesi, yanasukuma sili, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke, mpaka inaachia, kisha yanaingia kwenye dramu na kulowesha breki shuu. Sasa teremka mlima Kitonga na tani 28 mgongoni uone kama grisi haiui.

Juzi nimefungua habu ya namna hiyo. Kwenye rimu michirizi myeusi ilikuwa imetawanyika kutoka katikati hadi ukingoni. Ndani nikachota grisi kwa mikono miwili. Nilipoifuta beringi yenyewe, rola zilikuwa kavu, zimegeuka bluu kwa kuungua! Aliyeifunga aliipaka kwa nje, halafu akajaza uwazi.

Beringi inashindiliwa grisi ndani yake. Weka donge la grisi kiganjani, upande mpana wa beringi uelekee kwenye grisi, kandamiza ukingoni mwa kiganja mpaka uone grisi ikichomoza katikati ya rola upande mwembamba. Zungusha kidogo, rudia hadi umalize duara. Uwazi wa habu unatosha kujazwa theluthi, usizidi nusu. Vijana wangu nawataka watumie kiganja hata kama pampu ipo, kwa sababu chembe ya mchanga kiganja kinaihisi, pampu haiihisi.

Wengine wanachagua grisi kwa rangi, eti nyekundu ndiyo ya moto. Rangi anatia mtengenezaji apendavyo. Soma kopo. Grisi ya lithiamu na ile ya udongo hazipatani, zikikutana zinaweza kuyeyuka kama mchuzi, kwa hiyo kuongeza mpya juu ya ya zamani si sevisi. Osha kwa mafuta ya taa, kausha. Na acheni kuzungusha beringi kwa upepo wa kompresa ili ilie filimbi. Rola ikichomoka inatoboa jicho.

Nati ya habu nayo wanaikaza mpaka bomba la spana linapinda, wakiamini ndiyo usalama. Kaza huku unazungusha habu, kisha legeza, ubakize mchezo, yaani nafasi ya habu kusogea ndani na nje, wa milimita 0.025 hadi 0.125, upimwe kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kama wa saa). Beringi iliyobanwa haina pa kutanukia, inaungua.

Rola mpya kwenye kikombe cha zamani? Hapana. Makovu ya kikombe yatazila rola hizo. Nunua seti.

Na tingo akiona habu inafuka moshi, asikimbilie dumu la maji. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji ghafla kinaweza kupasuka. Paki, iache ipoe. Kila mnaposimama, Mikumi au Ruaha Mbuyuni, pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila habu bila kugusa. Iliyo moto kuliko wenzake, ikishapoa ipige jeki, izungushe kwa mkono, na usikilize.