Kihisi mwendo ndani ya ESP hufanya kazi gani?

Ukiwasha gari, kwenye dashibodi huwaka taa ndogo ya njano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda. Baada ya sekunde chache huzimika. Hiyo ni taa ya ESP, mfumo wa kielektroniki unaolizuia gari lisiserereke, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliutoa mwaka 1995. Wengi hudhani ni ABS kwa jina jingine. Sivyo. ABS hujali gurudumu lisikwame unapokanyaga breki. ESP hutaka kujua kama gari linaelekea kule dereva anakotaka.

Chukua barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi, mvua ya Januari imetoka kunyesha. Unakuta matawi ya miti yametandazwa kwenye lami. Sote tunajua maana yake, mbele kuna lori limekufa. Unakata kushoto kulikwepa, unarudi kulia kwa haraka, na mkia wa gari unaanza kukupita. Kihisi cha usukani kinasema umeomba kona ndogo tu. Vihisi vya magurudumu vinatoa kasi. Ila hakuna hata kimoja kinachojua gari lenyewe limegeuka kiasi gani.

Anayejua ni kihisi mwendo, kijisanduku ambacho kwenye magari mengi hufungwa sakafuni, katikati ya viti vya mbele. Ndani yake mna kazi mbili. Ya kwanza ni kupima gari linajigeuza nyuzi ngapi kwa sekunde. Katika vihisi vya siku hizi, kipande kidogo mno cha silikoni hutetemeshwa kwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde. Gari likijigeuza, kipande hicho hukengeuka pembeni, kama mtoto anayejaribu kutembea moja kwa moja juu ya bembea ya mduara inayozunguka. Mkengeuko huo jicho haliwezi kuuona, lakini umeme huusoma. Kazi ya pili ni kupima msukumo wa ubavuni, ule unaokulaza begani kwa jirani ndani ya taksi.

Sasa kompyuta inalinganisha. Kwa usukani ule na kasi ile, gari lilipaswa kujigeuza, tuseme, nyuzi 15 kwa sekunde. Kihisi kinasema 30. Inabana breki ya gurudumu la mbele kushoto peke yake na kupunguza nguvu ya injini, na mkia unarudi nyuma ya pua. Gari likigoma kukata kona, hubanwa zaidi gurudumu la nyuma lililo upande wa ndani.

Hesabu yote hiyo inategemea kijisanduku kisicheze. Gari la shemeji yangu lilitolewa zulia ili likauke, na liliporudi kutoka garaji taa ya ESP ikakataa kuzimika. Fundi akamtuliza: "Papa, ile kaboksi tuliifunga na skochi, inakamata muzuri." Kumbe kila shimo la barabarani lilikuwa linakitikisa, nacho kinaripoti mtikisiko wake chenyewe kana kwamba ni gari linayumba. Fundi mwingine alikirudisha kwa bolti zake mbili, mshale uliochorwa juu yake ukielekea mbele, akakiwekea sifuri upya kwa mashine huku gari limesimama mahali tambarare. Taa ikazimika.