Je, wajua kwamba tezi ya shingoni huathiri kasi ya mfupa kuunga?

Panya akivunjika mguu, kasi ya mfupa wake kuunga inategemea pia tezi iliyo mbali kabisa na jeraha: dundumio, iliyoko shingoni kwenye koo la hewa. Tezi hii hutumia ayodini kutengeneza homoni mbili, T4 yenye atomu 4 za ayodini na T3 yenye 3. T4 hutoka kwa wingi, ila T3 ndiyo yenye nguvu, na seli zinazojenga mfupa zina kimeng'enya cha kuibadili T4 kuwa T3 papo hapo zilipo.

Penye mvunjiko, kwanza damu huganda. Kisha, pale vipande vinapochezacheza, huota gegedu linaloshikanisha ncha mbili. Gegedu halina mishipa ya damu wala nguvu ya kubeba uzito. Ni lazima seli zake zikomae na kuvimba, mishipa ya damu ipenye, ndipo mfupa ujengwe mahali pake. T3 huzihimiza seli hizo zikomae. Mifupa ya mnyama mchanga hurefuka kwa njia iyo hiyo, ndiyo maana anayekosa homoni hii tangu utotoni hudumaa.

Watafiti waliwapa panya methimazoli, dawa inayoizuia tezi kutengeneza homoni, kisha wakaichunguza mivunjiko yao. Gegedu liliota, halafu likakwama: seli zilichelewa kukomaa, na gegedu likaendelea kukaa palipotakiwa kuwa na mfupa. Linalonistaajabisha ni kwamba hitilafu ya shingoni ilionekana waziwazi katika hatua hiyo moja ya mguuni.

Basi homoni ikiongezwa mfupa utaunga upesi zaidi? Si rahisi hivyo. Homoni huziamsha seli zinazojenga mfupa pamoja na zile zinazoula, na ikizidi kwa muda mrefu, ulaji huushinda ujenzi. Kwa binadamu mzima, kubomoa na kujenga upya kipande kidogo cha mfupa huchukua takriban siku 200. Homoni ikizidi, muda huo hupungua kwa karibu nusu, na shimo lililochimbwa halijazwi lote.

Mbwa wa umri wa makamo hupatwa sana na upungufu wa homoni hizi, na paka wazee hupatwa na wingi wake. Mfupa wa mnyama kama huyo ukichelewa kuunga bila sababu ya wazi, naona apimwe damu kabla ya kurudishwa kwenye upasuaji.