Mkanda wa kiunoni haumwokoi anayeanguka

Imani ni ya zamani kwa mafundi wanaopanda majukwaa ya ujenzi ya miti ya mikaratusi Kampala na kwingineko: mkanda mpana wa kiunoni unatosha, mradi umekazwa. Sivyo. Mtu akianguka, mkanda huo hukusanya nguvu yote tumboni. Huumiza viungo vya ndani na uti wa mgongo, na anaweza hata kuchomoka ndani yake. Marekani ilipiga marufuku kuutumia kudaka anayeanguka tangu Januari 1998. Kazi yake halali ni kumzuia mtu asifike ukingoni.

Chagua hanesi ya mwili mzima (vazi la mikanda ya mabega na mapaja) yenye alama EN 361, kiwango cha Ulaya cha hanesi hizo, pete ya mgongoni inayofungwa kamba ikikaa katikati ya mabega. Ikiteremka, saizi si yako. Chini ya mikanda ya mapaja kipite kiganja kilichonyooka, si ngumi.

Kisha pima nafasi iliyo chini, maana hapa ndipo wengi hukosea: kamba mita 2, kifyonza mshtuko (kipande cha kamba kinachofunguka ili kupunguza kishindo) kikifunguka hadi mita 1.75, kutoka pete hadi nyayo mita 1.5, akiba mita 1. Jumla mita 6.25 chini ya ulipofunga kamba. Ukifunga kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza, utagonga ardhi na hanesi yako mwilini; tumia kamba fupi, uifunge juu ya kichwa. Hanesi iliyowahi kumdaka mtu haivaliwi tena.