Mbwa Anayekataa Chakula: Hataki au Hawezi?

Juzi mama mmoja kutoka South B, Nairobi, aliniletea Snowy, mbwa wa aina ya Japanese Spitz mwenye umri wa miaka mitatu, akaniambia hata kabla ya kuketi, "Daktari, huyu hali kabisa. Nimebadilisha chakula mara nne tangu mwezi uliopita." Nilimpandisha Snowy kwenye mizani, ikasoma kilo 10.6. Miezi sita nyuma, alipoletwa kuchanjwa, alikuwa na kilo 8.9.

Mbwa asiyekula hanenepi, kwa hiyo mizani ilikuwa imekwisha kunipa nusu ya jibu. Hata hivyo sikumwambia mama yule neno lolote kuhusu chakula mpaka nilipomaliza kumkagua Snowy kuanzia puani hadi mkiani, kwa sababu swali langu la kwanza si mbwa anapenda nini, bali ni kama hataki au hawezi. Kwa mbali hali hizi mbili hufanana: bakuli limejaa, mbwa amelala kando yake. Tiba zake hazifanani hata kidogo, na anayezichanganya anaweza kumshindisha njaa mgonjwa.

Nimewahi kuzichanganya mimi mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, baada ya kutoka Kabete, chuoni tunakosomea udaktari wa mifugo, nililetewa mbwa mkubwa wa ulinzi kutoka Kasarani ambaye alikuwa akinusa chakula kisha anageuza kichwa. Alikuwa amezoea mifupa yenye nyama kutoka buchani, na wiki hiyo alikuwa amehamishiwa chakula kikavu cha dukani. Nikaona sababu iko wazi, nikamshauri mwenye mbwa ashikilie msimamo wake, njaa ikimzidi atakula. Siku tatu baadaye alirudishwa akiwa hawezi kupanda ngazi ya kliniki, ufizi wake umekuwa mweupe kama karatasi na joto limefika nyuzi 40.4. Ilikuwa homa ya kupe. Magonjwa ya ehrlichia na babesia, ambayo huenezwa na kupe na ambayo sisi madaktari wa Nairobi huyaona mara kwa mara, mara nyingi hujitangaza kwa dalili hiyo moja tu siku za mwanzo: mbwa amepunguza kula. Yule wa Kasarani alipona, lakini tangu siku hiyo hakuna mbwa anayepita mezani kwangu kwa shauri la chakula bila kupimwa joto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, na pua kavu au yenye unyevu haikuambii lolote la kutegemewa kuhusu joto hilo.

Mambo machache mnaweza kuyaangalia nyumbani kabla ya kunipigia simu. Mfunue mbwa mdomo wa juu, ubonyeze ufizi kwa kidole mpaka sehemu hiyo iwe nyeupe, kisha uachilie: rangi ya waridi inapaswa kurudi kabla ya sekunde mbili kupita. Pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya ukosi na katikati ya vidole vya miguu, maana huko ndiko kupe hujificha. Kisha mtazame anavyokaribia bakuli. Mbwa mwenye jino lililovunjika au ufizi uliooza huja kwa hamu, hushika tonge, hulidondosha, hulishika tena, pengine hutafuna kwa upande mmoja tu, halafu huondoka akiwa bado na njaa. Huyo anataka ila hawezi. Mwenye homa au kichefuchefu kwa kawaida haji kabisa, au hunusa, hulamba midomo, humeza mate na kugeuka.

Lipo jambo moja lisilo na mzaha. Mbwa anayetokwa na mate mengi, aliyelegea taya, anayejaribu kumeza akashindwa, asiguswe mdomoni kwa dhana kwamba mfupa umemkwama. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini Kenya, na kupooza kwa koo ni mojawapo ya sura zake. Mfungieni peke yake, watoto wakae mbali, mpigieni daktari wa mifugo simu.

Snowy hakuwa na lolote kati ya hayo. Joto lilikuwa 38.6, meno mazuri, tumbo laini, na nilipofungua kopo la ini la kuchemsha ninaloliweka kwa kazi hiyo, alikula vipande vitatu kabla sijafunga kifuniko. Ndipo nilipomwuliza mama swali ambalo huwashangaza wengi: je, nyumbani mko wangapi? Walikuwa watano, ukimhesabu na mlinzi wa langoni. Nilimwomba ampigie simu dada anayemsaidia kazi za nyumbani, tukamsikiliza sote wawili kwa spika. Mlinzi humkatia Snowy nusu ya chapati yake kila asubuhi wakati wa chai. Mtoto wa mwisho huangusha soseji chini ya meza, kwa bahati mbaya, kila siku. Dada mwenyewe humpa ngozi ya kuku na ukoko wa ugali anapoosha sufuria, "kwa sababu chakula chake hali, namwonea huruma."

Hesabu yake ni fupi. Mbwa mtu mzima aliyehasiwa, ambaye uzito wake unaofaa ni kilo tisa, huhitaji takriban kilokalori 580 kwa siku. Chapati moja ya nyumbani iliyopikwa kwa mafuta hufika kilokalori 250 au zaidi bila shida, na soseji ya kukaanga inaweza kupita 100. Tukiongeza ngozi ya kuku, Snowy alikuwa akifika mbele ya bakuli lake jioni akiwa amekwisha kula zaidi ya nusu ya mahitaji yake ya siku nzima. Vitu vya kumfurahisha mbwa havipaswi kuzidi asilimia 10 ya kilokalori zake, yaani kwa Snowy ni kama 58, ambazo hata robo ya ile chapati inazipita.

Tena kila chakula kipya kilichonunuliwa kwa wasiwasi kilimfundisha jambo. Snowy hakuwa mkaidi. Alikuwa mwanafunzi hodari. Alikataa bakuli la kwanza, kikaja kitamu zaidi. Alikataa la pili, mama akaketi sakafuni akamlisha kwa mkono. Mbwa yeyote mwenye akili atasubiri aone la tatu lina nini.

Sitaki, hata hivyo, kuwalaumu mbwa wote kwa deko, kwa sababu wapo wanaokataa chakula kwa haki. Ulimi wa mbwa una vionja, yaani vinundu vya kuonjea ladha, takriban 1,700, ilhali wetu una karibu 9,000. Yeye hula kwa pua kwanza. Hebu fikiria, basi, chakula cha punje kinachouzwa kwa kupimwa kutoka gunia lililo wazi katika duka la agrovet. Gunia lile huenda limekaa wazi wiki kadhaa, mafuta yake yameanza kuchacha, na mbwa huijua harufu hiyo mapema kuliko sisi. Mimi huwashauri wateja wangu wanunue mfuko mdogo uliofungwa na wenye tarehe, hata kama bei ya kilo itapanda kidogo. Unga wa mahindi wa bei ya chini una hatari kubwa zaidi, nayo ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, hasa upande wa Makueni na Kitui, na ini la mbwa huathirika nayo upesi. Kukataa chakula na kutapika ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Unga ulioota ukungu msimpikie mbwa kwa hoja kwamba ni wa mbwa tu.

Ugali wenyewe si adui, kwa maana mbwa huyeyusha wanga vizuri. Tatizo ni ugali mtupu, au ugali uliomwagiwa mchuzi wa jana wenye vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu. Omena, yaani dagaa, huufanya mlo huo uwe bora zaidi, mradi ioshwe vizuri kuondoa mchanga na ichemshwe bila chumvi, ingawa bado hautakuwa na madini na vitamini zote anazozihitaji.

Mazingira nayo yana neno. Mwezi Julai, chakula kilichotoka kwenye friji na kuwekwa barazani asubuhi yenye baridi hakina harufu yoyote. Kimwagie maji vuguvugu, usubiri dakika tano, na mara nyingi tatizo limekwisha. Bakuli lililovamiwa na sisimizi hukataliwa, na sioni ajabu. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani kutwa nzima hana sababu ya kusikia njaa, na akiwa na mwenzake mbabe atakaa mbali na bakuli hata akiwa na njaa. Walisheni mahali tofauti.

Kwa Snowy niliagiza utaratibu ule ule ninaowapa wengi. Chakula kimoja, kilichopimwa kwa kikombe, asubuhi na jioni. Bakuli linawekwa chini kwa dakika 15 hadi 20, hakuna anayemsemesha wala kumsimamia, kisha linaondolewa hata kama hakugusa, na hapati kitu kingine mpaka mlo unaofuata, isipokuwa maji, ambayo hayaondolewi kamwe. Siku mbili za kwanza ndizo ngumu, na ugumu wenyewe huwa kwa watu. Ikiwa chakula chenyewe kinabadilishwa, kibadilishwe kwa siku saba hadi kumi, robo kipya na robo tatu cha zamani, kisha nusu kwa nusu, na kuendelea, la sivyo mtaletewa kuhara na mtakilaumu chakula kisicho na hatia.

Utaratibu huu si wa kila mbwa. Watoto wa mbwa, hasa wa aina ndogo, sukari yao ya damu hushuka haraka, na mlo mmoja au miwili wakiikosa nataka kuwaona siku hiyo hiyo. Tena kwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo, kukataa chakula kunaweza kuwa mwanzo wa parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo. Utaratibu huu haumfai pia jike mwenye mimba au anayenyonyesha, mbwa mzee sana, wala mwenye kisukari anayechomwa insulini. Mbwa mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa saa 24 bila madhara, lakini akitapika, akihara, akizubaa, au saa 48 zikipita hajala lolote, hilo si suala la tabia tena. Mkija, njooni na mfuko wa chakula chenyewe na picha ya kinyesi, hata kama mnaona haya kuionyesha.

Mama alibandika karatasi yangu kwenye mlango wa friji, na nakala akampa mlinzi. Siku ya kwanza Snowy hakula asubuhi wala jioni, na simu nilipigiwa mara tatu, ya mwisho saa nne usiku. Siku ya pili jioni alimaliza bakuli. Wiki sita baadaye alikuwa na kilo 9.7, na mlinzi alikuwa ametuma swali: je, anaweza kumpa kipande cha karoti badala ya chapati? Nilimjibu kwamba anaweza.