Iliad: pa kuanzia, na kwa nini bado inashika

Wengi wanaoufungua utenzi huu wa Homer, malenga wa Ugiriki ya kale, huenda wakimtafuta farasi wa mbao aliyewaingiza Wagiriki mjini Troy, na kisigino cha shujaa wao Achilles, mahali pekee alipoweza kujeruhiwa. Vyote viwili havimo. Katika masimulizi, vita vya Wagiriki dhidi ya Troy vilidumu miaka kumi, ila Iliad inashika majuma machache tu ya mwaka wa kumi: Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamnyang'anya Achilles mateka wake Briseis, Achilles anasusa vita, na utenzi unaishia kwenye maziko ya Hector, shujaa wa Troy aliyeuawa na Achilles. Mji bado umesimama.

Ukisoma mfululizo utakwama kitabu cha 2 (kitabu hapa ni sehemu ya utenzi), penye orodha ya merikebu za Wagiriki, 1,186 kwa jumla. Iruke kwa sasa, kisa hakipotei. Kati ya vitabu 24, vyenye mistari zaidi ya 15,000, anza na cha 1, kisha 6, 9, 16, 18, 22 na 24. Ukishavutwa, rudi usome vyote.

Marudio nayo huwachosha wengi. Achilles ni "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi. Hiyo ni kazi ya mizani: kila mstari una vipande sita, na malenga aliyetunga papo hapo alihitaji sifa zilizo tayari mdomoni, za kutoshea nafasi iliyobaki. Milman Parry, mtaalamu wa Kimarekani aliyelichambua jambo hili, alikwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 kuwarekodi waimbaji waliokuwa bado wakitunga hivyo. Soma kwa sauti, utaona marudio yanakubeba.

Ila kinachonishika mimi zaidi ni namna adui anavyotendewa. Utenzi ni wa Wagiriki, na bado nyumba tunayoijua kwa karibu ni ya Hector. Katika kitabu cha 6 mwanawe mchanga anaogopa kishada cha singa za farasi kwenye kofia ya vita ya baba yake, analia. Wazazi wanacheka, Hector anaivua, anaiweka chini, ndipo anambusu mtoto. Katika kitabu cha 22 Andromache, mke wa Hector, anawaagiza wajakazi wateleke chungu kikubwa, mumewe akirudi akute maji ya moto ya kuoga. Hajui kwamba amekwisha kuuawa nje ya kuta. Hata kijana Simoeisios wa kitabu cha 4, anayetajwa ili afe tu, tunaambiwa mama yake alimzalia ukingoni mwa mto, na kwamba hakujaaliwa kuwarudishia wazazi fadhila za malezi.

Kitabu cha 24 usikisome kwa haraka. Mzee Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, anaingia usiku kwa Achilles na kuibusu mikono iliyowaua wanawe, akimwomba amkumbuke baba yake mwenyewe. Wanalia wote wawili. Kisha Achilles anaamuru maiti ya Hector ioshwe mbali na macho ya mzee, kwa kuhofia kwamba Priam akiiona atashindwa kuzuia hasira, naye Achilles atamuua. Wanakula pamoja. Achilles anauliza maziko yatahitaji siku ngapi. Tisa za kuomboleza, anajibu Priam, ya kumi kuzika, ya 11 kujenga kaburi, ya 12 tutapigana kama hapana budi. Achilles anakubali kuzuia vita kwa muda huo.