Mwalimu wa Biolojia Akishakanyaga Tope la Mikoko

Nafundisha biolojia sekondari hapa Lindi, na kila mwaka osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi, ndiyo mada inayowatesa wanafunzi. Tunatumbukiza kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, kinalegea, wanaandika jibu. Jaribio zuri, silipingi. Ila mwanafunzi anaweza kupata alama zote na bado asijiulize mikoko anayoiona akivuka kwenda Kitunda inaishije baharini bila kunyauka kama kile kiazi.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kupeleka darasa, nendeni wenyewe kwanza. Mlango wa mto Lukuledi tunao hapa hapa. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu maji hutoka mbali na mtaifikia miti ya mbele kabisa. Na saa ya jana msiitegemee leo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Mkiuona mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, mtaujua kwa mizizi yake ya kupumulia iliyochomoza topeni kama penseli, chumeni jani mlilambe. Chumvi! Jua likiwa kali mtaona hata chembe nyeupe zikimetameta. Kisha lambeni jani la aina nyingine, mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kutoka kwenye shina. Tofauti mtaisikia ulimini. Miti yote miwili huzuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi, lakini ile inayopenya, mchu huitoa nje kupitia tezi ndogo za majani. Mkoko hauna tezi hizo.

Nikipeleka majani hayo darasani, lazima atokee mmoja wa kubisha: "Mwalimu, si maji ya bahari tu yamelirukia?" Swali hilo nalipenda kuliko jibu lolote la kukariri, na aliyeishia kwenye kitabu hana cha kumjibu zaidi ya "ndivyo ilivyoandikwa." Mimi nawaambia tulipime. Tunachagua tawi lililo juu ya alama ya maji kujaa, tunafunga uzi kwenye majani machache, tunayaosha kwa maji baridi ya kunywa na kuyafuta, tunayakinga yasirukiwe. Kesho yake tunalamba tena. Hapo mwanafunzi ameona mchu unavyoitoa chumvi, amejifunza na maana ya kudhibiti jaribio, na shaka ni yake mwenyewe.

Michoro ya vitabuni nayo inahitaji macho ya aliyefika. Huonyesha aina za mikoko katika mistari iliyonyooka: mlilana mbele, mkoko katikati, mkandaa nyuma. Ukiingia topeni unaukuta mchu mbele pamoja na mlilana, halafu unaukuta tena nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, mfupi na uliodumaa, mahali ambapo maji hufika mara chache na jua huacha chumvi nyingi ardhini. Mwalimu asiyewahi kufika atamkata alama mtoto wa mvuvi aliyechora mchu sehemu mbili, kumbe mtoto ndiye aliyeuona.

Walimu wa jiografia nao wana Tendaguru, kilima hapa mkoani Lindi. Wengi huishia kusimulia mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Miamba yenyewe imebaki, na tabaka zenye mifupa, za takriban miaka milioni 150, zinapishana na tabaka za mchanga wa baharini zenye makombe. Aliyeona maji yakijaa na kupwa Lukuledi ana pa kuanzia kueleza pwani inayosogea.

Mikoko ni hifadhi kisheria, kwa hiyo majani machache yanatosha, matawi msikate. Waulizeni akina mama wanaotafuta pweza njia salama ya kupita. Andikeni saa, hali ya maji na mahali mti uliposimama. Darasa langu sasa linataka kuhesabu mizizi ya kupumulia ya mchu wa mbele na wa nyuma katika mita moja ya mraba, na tunasubiri bamvua lijalo.