Ukishamaliza Mr. Bean, nenda hotelini Torquay

Mr. Bean sina haja ya kumpendekeza kwa mtu. Panda basi la kwenda mkoani utamkuta kwenye skrini ya mbele, kichwa kimenasa ndani ya bata mzinga, na abiria wote wanacheka, anayejua Kiingereza na asiyekijua. Mwigizaji Rowan Atkinson alianza kumwonyesha kwenye runinga ya Uingereza ya ITV tarehe 1 Januari 1990. Zikatoka sehemu 15 tu, zikaenea dunia nzima kwa sababu moja nyepesi: Bean hasemi. Shida huanzia hapo. Mtu akishampenda Bean hudhani vichekesho vya Waingereza ni kuteleza na kuvunja vitu. Halafu rafiki mjuaji anamwekea Monty Python, lile kundi la wachekeshaji wa Kiingereza, haelewi kitu, anazima na harudi tena.

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuandika vichekesho vya runinga, na mgeni wa vichekesho vya Uingereza huwa namwambia atafute kitu kimoja kwanza: cheo. Kuna mtu anajiona ana hadhi ambayo wenzake hawamtambui nayo. Anaing'ang'ania, na kadiri anavyoing'ang'ania ndivyo anavyozidi kuumbuka. Hata Bean, ukimwangalia vizuri, ni bwana wa koti na tai ambaye machoni pake mwenyewe ni mstaarabu kuliko wote chumbani. Ukiushika uzi huu, lafudhi na majina ya wanasiasa wa zamani hayatakutisha.

Kwa hiyo kituo cha kwanza ni Fawlty Towers. Ina sehemu 12 tu: sita za mwaka 1975 na sita za 1979. Basil Fawlty, anayeigizwa na John Cleese, anaendesha hoteli ndogo katika mji wa pwani wa Torquay, naye hawapendi wageni. Tatizo lake ni kwamba wageni ndio wanaolipa. Akimwona mtu anayedhani ni wa ukoo bora, ananyenyekea hadi aibu. Akimwona mtu wa kawaida, anamfokea. Mara zote anakosea nani ni nani. Mkewe Sybil anajua kazi, Basil hajui, na anayebeba makofi ya tofauti hiyo ni mhudumu Manuel kutoka Barcelona.

Chanzo chake kilikuwa hoteli ya kweli. Mwaka 1970 Cleese na wenzake wa Monty Python walilala Torquay kwenye hoteli ambayo mwenyewe alikuwa mkali kupita kiasi. Mkoba wa Eric Idle, mmoja wao, aliutoa nje akishuku una bomu, kumbe ndani mlikuwa na saa ya kuamshia. Wenzake walihama, Cleese akabaki kumtazama mzee yule. Baadaye alikaa kuandika na mkewe Connie Booth, ambaye ndani ya kipindi ni Polly, na walipoandika msimu wa pili ndoa yao ilikuwa imekwisha. Sitaki kumwambia mtu asome maisha ya waandishi ili acheke, ila ukijua hilo, ugomvi wa Basil na Sybil unapata uchungu kidogo.

Anza na ile ya Mrs. Richards, Communication Problems. Ni bibi kiziwi anayekataa kuwasha kifaa chake cha kusikia kwa sababu kinamaliza betri. Analalamika kwamba dirisha la chumba chake halina mandhari ya maana. Basil anamuuliza alitegemea kuona nini kutoka dirisha la Torquay, kisha anamtajia maajabu ya dunia moja baada ya jingine hadi anafika kwenye makundi ya nyumbu yakitimka. Mtu wa Serengeti na Mara hapo ana haki ya kucheka mara mbili. Angalia pia jinsi hati ilivyosukwa: kila uongo mdogo wa dakika ya tano unarudi dakika ya ishirini na tano ukiwa na riba. Sehemu iitwayo The Germans ndiyo maarufu zaidi, lakini ina maneno ya kibaguzi yanayotoka kinywani mwa mzee Major, mgeni anayeishi hotelini humo. Mwaka 2020 kampuni ya runinga ya UKTV iliiondoa kwa muda, ikairudisha na onyo. Iache hadi uwe umeshawazoea hawa watu.

Kituo cha pili ndicho nikipendacho kuliko vyote, na nadhani sisi tunakielewa kuliko hata Wamarekani: Yes Minister, ya 1980 hadi 1984, na mwendelezo wake Yes, Prime Minister hadi 1988. Jim Hacker ni waziri mpya mwenye hamu ya mageuzi. Sir Humphrey Appleby ni katibu mkuu wa wizara yake, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna mageuzi yatakayotokea, huku waziri akiamini yametokea. Msomaji aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi ya serikali Dodoma au Nairobi hahitaji maelezo. Mfumo ni uleule, tuliachiwa pamoja na mihuri yake: waziri anakuja na kuondoka, katibu mkuu yupo, kamati inaundwa ili jambo lisifanyike.

Sehemu ya kuanzia ni The Compassionate Society. Kuna hospitali mpya yenye watumishi wapatao 500 wa utawala na huduma, bila mgonjwa hata mmoja. Humphrey anaitetea kwa moyo wote, kwa kuwa inaendeshwa vizuri na imeshinda tuzo ya usafi. Kisha tazama The Official Visit, ambapo rais wa nchi ya kubuni ya Kiafrika, Buranda, anawasili kwa ziara rasmi. Nilitegemea dhihaka ya kawaida kuhusu Afrika. Badala yake rais yule ndiye mwerevu kuliko wote: anatishia kuwahutubia Waskoti kuhusu kujikomboa na ukoloni wa Kiingereza, na anaondoka na mkopo wenye masharti nafuu. Sentensi za Humphrey ni ndefu, zinapinda kama mto Rufiji, na usijilaumu ukipotea; Hacker naye amepotea, na hapo ndipo penye kichekesho. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, alikipenda kipindi hiki hadi akaigiza kipande kifupi na waigizaji wake mwaka 1984. Nani alikuwa anamcheka nani siku ile, hilo nakuachia.

Baada ya hapo shuka Peckham, kusini mwa London, ambako kuna vipindi viwili. Only Fools and Horses, ya David Jason, ni ya mchuuzi anayeuza mali isiyojulikana ilikotoka, huku akiahidi kila siku kwamba mwakani watakuwa mamilionea. Desemba 1996 ilitazamwa na watu milioni 24.3. Lafudhi ni nzito, kwa hiyo washa maandishi ya chini. Anza na A Touch of Glass, ya 1982, na usimruhusu mtu akusimulie mwisho wake.

Kingine ni Desmond's, ya Channel 4, 1989 hadi 1994. Ni kinyozi kutoka Guyana, na duka lake ni kijiwe kamili: watu wanaingia kubishana kuliko kunyolewa. Yumo Matthew, Mgambia ambaye masomo yake hayaishi, na ambaye kila jambo ana msemo wa kale wa Kiafrika wa kulifunika. Wakaribi, yaani watu wa Karibea, wanamtania, naye anawarudishia. Ndicho kipindi nilichokuta Mwafrika na Mkaribi wakigombana kama ndugu bila Mzungu kusimama katikati kutafsiri.

Mind Your Language, ile ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, wengi mnaikumbuka. Irudieni mkitaka, lakini ITV ilipoiacha mwaka 1979 ilikuwa kwa sababu ya kuwageuza wageni vinyago, na leo inaonekana hivyo. The Office ya Ricky Gervais ni sehemu 14 za aibu tupu, bila kicheko cha watazamaji kukuongoza. Ni nzuri sana, ila si ya mgeni. Blackadder, kipindi cha Atkinson kuhusu zama za kale za Uingereza, anzia msimu wa pili.

Kwenye filamu nitakuwa mfupi. The Ladykillers ya 1955, ambamo majambazi wanashindwa na bibi mmoja mpole. Hot Fuzz ya 2007, ya polisi hodari wa London anayehamishiwa kijijini kwa kosa la kuwazidi wenzake. Paddington 2 kwa nyumba yenye watoto, na Hugh Grant humo ni hatari. Mwisho kabisa Life of Brian ya Monty Python, ya 1979, iliyopigwa marufuku Norway, nao Waswidi wakaitangaza kuwa inachekesha hadi Wanorwe wameikataza. Inawacheka wafuasi wa dini, hivyo itazame peke yako kwanza kabla hujawaalika wakwe.